Kufungua Kinywa Ugenini

Wahenga hawakuuma maneno waliponena kuwa dawa ya jino bovu ni kung'oa. Nililelewa kwa methali hiyo kama nilivyolelewa kwa uji wa wimbi. Kwetu Njoro, hakuna aliyekwenda kwa daktari wa meno ili aambiwe jino lake lina nini. Ulikwenda ukijua, ukaketi, ukashikwa kichwa, ukarejea nyumbani na pamba mdomoni na pengo moja zaidi. Kwa hivyo gego langu la chini, upande wa kushoto, lilipoanza kuniuma katika kipupwe cha mwaka 2005, nikiwa ng'ambo ya bahari mbili, nilikuwa nimekwisha kulihukumu. Nilichokiogopa si koleo. Nilichokiogopa ni kukifungua kinywa.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Minoh, mji mdogo ulioko kaskazini mwa Osaka, nchini Japani. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka, kilikuwa na bewa lake huko milimani, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizosomeshwa pale. Mimi nilikuwa mwanafunzi, lakini mara mbili kwa juma nilisaidia katika darasa la mazungumzo, ambapo vijana wa Kijapani waliniita "Mwalimu" kwa unyenyekevu ambao sikuwa nimeuzoea. Mtu anayeitwa mwalimu wa lugha hana budi kufungua kinywa. Nami nilikifungua, ila kwa hesabu, kama bahili anavyoufungua mfuko wake.

Yafaa niyaeleze meno yangu, maana bila hayo kisa hiki hakina maana. Yana rangi ya chai iliyokolea majani, yamechorwa michirizi ya hudhurungi, na yale ya mbele yana vishimo vidogo mithili ya ndui. Katika shule ya upili ya bweni niliyosomea, mbali na kwetu, niliitwa Ugoro tangu juma la kwanza hadi siku ya mtihani wa mwisho. Wapo walimu walioamini kuwa navuta bangi. Huko ndiko nilikojifunza kucheka midomo ikiwa imefumbwa, ufundi ambao si mwepesi kama unavyodhaniwa. Mtu huishia kuonekana ana kiburi.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti, tena machungu zaidi. Njoro watoto wengi tulikuwa na meno ya namna hiyo, kwa hivyo hapakuwa na wa kumcheka mwenziwe. Lakini mama alikuwa mgeni Njoro. Yeye na baba walihama kutoka Nyeri mwaka 1974, baba aliponunua kipande cha shamba, na meno yake mama yalikuwa meupe kama tui. Aliyaona ya kwangu kama aibu iliyompata yeye binafsi. Alinisugua kwa majivu, akanisugua kwa chumvi, akanisugua kwa mkaa uliopondwa, na siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi, akanisugua kwa mchanga laini hadi fizi zikachuruzika damu. Sikumchukia. Nilichokichukia ni ile kauli aliyoifuatisha kila mara: "Mbona kaka yako si hivi?"

Kaka yangu, kitinda mimba mimi nikiwa wa mwisho naye akiwa wa kwanza, alikuwa na meno meupe pe. Hili ndilo lililokuwa fumbo la nyumba yetu. Wapo majirani waliosema kuwa ni maji ya kisima, yale yaliyovutwa kwa pampu kutoka chini sana. Mama aliwajibu kwa hoja ambayo hata mimi, aliyekuwa mshtakiwa, sikuweza kuipinga: kaka alinywa maji yayo hayo, kutoka mtungi uo huo, kwa kikombe kicho hicho. Ikiwa ni maji, mbona hayakumdhuru? Basi ikabaki kuwa mmoja wetu alipiga mswaki na mwingine hakupiga. Nilipiga, ndugu msomaji. Nilipiga hadi miswaki ikanyonyoka. Lakini mtoto hawezi kuishinda hoja yenye kaka ndani yake.

Nimesimulia haya ili ieleweke kwa nini nilivumilia jino lile majuma matatu. Nilitafuna karafuu. Nilisukutua kwa maji ya chumvi. Nilimeza vidonge nilivyovinunua kwa kuonyesha shavu na kukunja uso. Pesa hazikuwa kisingizio, kwani nilikuwa na kadi ya bima ya afya ya taifa, ambayo kwayo mgonjwa hulipa 30 kwa 100 ya gharama na bima hulipa iliyosalia. Wala madaktari hawakuwa haba: Japani ina zahanati za meno zaidi ya 60,000, na watu wa huko wenyewe hutania kuwa ni nyingi kuliko yale maduka yao yanayokesha. Haba ilikuwa nia yangu.

Aliyeniumbua ni mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Tulikuwa tukifanya zoezi la viungo vya mwili, na nilipofika kwenye shavu nikalishika langu, nikasahau kuliachilia. Akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Mwalimu, je, jino lako linakuuma?" Nikakana. Darasa zima likanitazama kwa huruma. Baada ya kipindi alinichorea ramani: shuka kilima, pita duka la mtengeneza baiskeli, utaona nyumba yenye kibao cheupe. Juu ya ramani akaandika neno "haisha", yaani daktari wa meno. "Ha" ni jino, na "isha" ni daktari. Mimi nililisoma kwa sikio la Kiswahili, nikalisikia likipakana na "haiishi", nikamwambia neno hilo ni bishara mbaya. Alicheka, akiwa ameufunika mdomo kwa kiganja. Niliwahi kuona kuwa wanawake wengi wa huko hucheka hivyo, na kusema kweli niliuhusudu mno utamaduni huo.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mtu. Mlangoni palipangwa ndara, ukavua viatu kama anayeingia msikitini. Palikuwa na viti viwili tu vya wagonjwa, tangi la samaki, na harufu ya supu iliyotoka jikoni nyuma ya pazia. Daktari alikuwa mzee wa miaka sitini hivi. Wote walimwita "sensei", neno ambalo Wajapani humwita mwalimu na daktari vilevile. Mapokezi yalikuwa mikononi mwa mkewe, mwanamke mpole aliyevaa aproni ya waridi. Aliponiona alishtuka kidogo, kisha akainama, nami nikainama, na kwa kuwa sikujua wa kwanza kuinuka ni nani, tuliinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Akanipa fomu. Mengine niliyaweza: jina, umri, dawa zinazonidhuru. Nilikwama palipoulizwa maumivu yenyewe ni ya namna gani. Pameorodheshwa maneno manne au matano, na hakuna hata moja nililowahi kufundishwa. Mama yule akaja akaketi kando yangu, akaanza kuniigizia. "Zukizuki," akasema, akawa anakikunja na kukikunjua kiganja, kama moyo unavyodunda. "Shikushiku," akasema, akajishika shavu na kujikunyata kama mtu mwenye maumivu madogo yasiyokwisha. "Kiin," akasema, akajifanya amekunywa maji baridi, akaruka.

Nadhani ni hapo tu, katika safari yangu yote ya masomo, ndipo nilipoelewa tanakali za sauti ni za kazi gani. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tulizikariri kwa ajili ya mtihani: anguka pu, lia kwi kwi kwi, nyamaza ji. Tulizichukulia kuwa mapambo ya insha, vitu vya kumfurahisha mtahini. Wajapani wanazo kwa mamia, wakazigawa makundi, zile za kuiga sauti na zile za kuiga hali isiyokuwa na sauti yoyote, na wanazitumia mahali ambapo mtu hana nafasi ya mapambo, yaani mbele ya daktari, mgonjwa akiwa anaumwa. Daktari akisikia "zukizuki" hujua pa kuanzia.

Nami ningemwambia nini? Kiingereza changu kilikuwa na neno moja tu la maumivu na vivumishi viwili vitatu. Lakini kabla sijafikiri, Kiswahili kikanitoka. "Linapwita," nikamwambia, nikikikunja kiganja kama yeye. Maana sisi maumivu tumeyatia katika vitenzi. Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Tumbo husokota, hunyonga. Koo hukereketa. Kidonda kilichotiwa chumvi huchonyota. Mswahili akikwambia kuwa kitu kinamuuma, hajakwambia bado. Ni salamu tu, subiri kitenzi. Mama yule alikitazama kiganja changu, akasema "zukizuki", akatia alama. Sidhani kama niliwahi kufasiriwa vizuri kuliko hapo.

Kisha nikalala kwenye kile kiti, taa ikawashwa, na nikaambiwa niachame.

Daktari aliangalia gego kwanza, akaligonga, nikaruka. Alipiga picha ya eksirei. Uozo ulikuwa umezama hadi kwenye neva, akaeleza, lakini mizizi ilikuwa imara. Nilimwonyesha ishara ya kung'oa. Akatikisa kichwa kwa mshangao, kama niliyemwomba akate mkono. Kisha akakisogeza kile kioo chake kidogo mbele, kwenye meno yangu ya mbele, akanyamaza.

Ukimya ule niliujua. Ni ukimya wa mwalimu wa zamu, wa mzazi wa rafiki, wa msichana unayempenda. Nilifumba macho nikingoja aulize kuhusu mswaki, au tumbaku. Alisema neno moja tu, ambalo lilikuwa miongoni mwa maneno kumi ya kwanza niliyojifunza nilipofika nchini humo: "Mizu?"

Maji?

Nilifumbua macho. Daktari hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amegeuka, anamwita mkewe. Mama yule akaja, akiwa bado na kalamu mkononi, akainama kunitazama kinywani. Hakuna aliyewahi kunitazama vile. Alitazama kama mtu anayesoma barua iliyotoka kwao. Kisha akaushusha mkono wake, ule ambao nilikuwa nimemwona nao mdomoni kila alipotabasamu, akayaonyesha meno yake. Yalikuwa ya hudhurungi. Michirizi ileile. Vishimo vilevile.

Nilikuwa nimedhani ni adabu.

Alikulia Takarazuka, mji wa jirani, upande wa magharibi, unaosifika kwa kundi lake la maigizo la wanawake watupu. Maji ya mji huo na ya Nishinomiya, yaliyotoka katika milima ya Rokko, yalikuwa na madini ya floraidi kupita kiasi. Watoto waliokulia pale waliota meno yenye madoa, na katika miaka ya 1970 wazazi walikuja juu, magazeti yakaandika, mzozo ukafika mahakamani. Kwa hivyo daktari yeyote wa meno wa eneo lile, hata mwenye viti viwili na tangi la samaki, aliyatambua meno yangu mara moja. Nilikuwa nimetoka Njoro na siri yangu, nikapita juu ya mabara, nikafikia mahali ambapo si siri.

Kwa msaada wa kamusi ya elektroniki, Kiingereza kidogo na karatasi nyingi, daktari alinieleza kilichonipata. Floraidi kidogo hulifaa jino, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, huliharibu, lakini kwa namna ambayo wengi hawaielewi. Haipaki rangi jino lililokwisha kuota. Hulivizia jino lingali limefichika ndani ya ufizi, wakati lile gamba lake gumu la nje linapoundwa. Jino huota likiwa limekwisha kuharibika. Alichora ufizi, akachora jino ndani yake kama mbegu udongoni, akalitia madoa kwa kalamu. Hapo, akasema, mswaki hauwezi kufika. Aliniuliza niliko­toka kuna nini. Nikamchorea Bonde la Ufa, nikamchorea Menengai na kreta yake. Akatikisa kichwa: katika maeneo ya volkano maji ya chini kwa chini huwa na floraidi nyingi mara kwa mara.

Nilimwambia, nadhani kwa sauti ya ugomvi, kuwa si kweli. Kaka yangu alikunywa maji yayo hayo.

"Mlipohamia hapo," akauliza, "kaka yako alikuwa na umri gani?"

Tisa. Alizaliwa mwaka 1965. Mimi nilizaliwa mwaka 1976, palepale Njoro, nikanyweshwa maji yale tangu nilipoanza uji.

Daktari akaandika namba 8 kwenye karatasi, akaizungushia duara. Mtoto akifika miaka minane hivi, magamba ya meno yake yote ya utu uzima yamekwisha kukamilika, isipokuwa magego ya mwisho. Baada ya hapo anaweza kuyanywa maji yale hadi uzeeni na meno yake ya mbele yasiote doa. Kaka yangu alifika Njoro akiwa na meno yaliyokwisha kuundwa kwa maji ya Nyeri. Mama vivyo hivyo. Hoja ile iliyonishinda utotoni, ya mtungi mmoja na kikombe kimoja, ilikuwa na tundu lake, nalo lilikuwa tarehe.

Sikulia, ingawa ningependa kusema kuwa nililia, kwa sababu ingekuwa na adabu zaidi kuliko nilichokifanya. Nilicheka, kinywa wazi, taa ikiwa inanimulika hadi kooni.

Ikaja sindano ya ganzi. Baada ya dakika chache daktari alinigusa mdomo wa chini, akauliza: "Piripiri?" Nikamhakikishia kuwa sijala pilipili tangu jana. Akauliza tena, nami nikakana tena, kwa msisitizo, hadi mkewe alipoingilia kati akipepesa vidole. "Piripiri" kwa Kijapani ni ile hali ya kuchonyota au kuwashwawashwa ngozini. Maneno haya mawili hayana undugu wowote, na ninawasihi wenzangu wa isimu linganishi wasianze kuandika tasnifu. Alinifundisha pia kuwa nikiumia niunyanyue mkono wa kushoto. Kisha akaiwasha keekee yake. Mkono niliunyanyua mara moja tu, akasimama papo hapo, akangoja. Jambo hilo dogo, la mtu mwenye mashine kusimama kwa sababu nimenyanyua mkono, bado nalikumbuka.

Kosa langu lilikuwa kwenda kufundisha alasiri ile. Somo lilikuwa la sokoni. Wasomaji wa jarida hili wamesoma fonetiki, kwa hivyo watanielewa nikisema kuwa sauti za midomo na meno, /f/ na /v/, huhitaji mdomo wa chini uukute ukingo wa meno ya juu, na kwamba mdomo wangu wa chini, nusu yake, haukuwepo. Viazi, vitunguu, fedha: kila neno lilinitoka kama pumzi ya mtu anayepoza chai. Nikasema, "Rudieni." Wanafunzi ishirini, kwa uaminifu usio na kifani, wakarudia jinsi nilivyotamka, midomo wameipinda kushoto. Mmoja alikuwa amewasha kinasa sauti. Nilisimamisha darasa, nikaeleza kisa, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima niliokaa nao nikayaonyesha meno yangu na kusema ni kwa nini yako hivyo. Tulimaliza kipindi kwa kujifunza msamiati wa kinywa: ufizi, chonge, gego, kaakaa, mwanya, pengo. Yule msichana wa ramani akauliza kama "mwanya" ni ugonjwa. Nikamwambia kwetu ni urembo, unaweza kumfanya mtu aoe. Aliandika.

Kuhusu gego, bishara yangu ilitimia. Haikuisha. Madaktari wa huko hawamalizi kazi kwa siku moja. Hufanya kidogo, huziba kwa muda, hukupa kadi yenye miadi ya juma lijalo. Nilikwenda mara saba. Mizizi ikasafishwa, ikajazwa, jino likavishwa kofia ya madini yenye rangi ya fedha. Nilipomfasiria daktari methali yetu, alitafakari kidogo, akajibu kuwa kwao dawa ya jino bovu ni kurudi juma lijalo. Meno ya mbele hatukuyagusa. Alinieleza kuwa yanaweza kufunikwa, na kwamba mkewe aliwahi kukataa. Sikuuliza sababu. Siku ya mwisho mama yule alinipa chungwa na kadi ambayo nyuma yake alikuwa ameandika, kwa herufi za Kilatini, "linapwita".

Kumpigia mama simu kulinichukua muda mrefu zaidi kuliko jino. Nilinunua kadi za simu mara mbili, nikaishia kuwapigia watu wengine. Nilijua kuwa habari hii ilikuwa tamu kwangu tu. Upande wa pili wa simu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa amemsugua mwanawe kwa mchanga.

Hatimaye nilimwambia. Nilimweleza juu ya ufizi na ile mbegu, na umri wa miaka minane. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Kaka yako alikuwa na miaka tisa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nawe ulizaliwa hapa."

"Ndiyo, mama."

Nilisikia jogoo wa kwetu akiwika, na redio ya jirani. Dakika za kadi zilikuwa zikiyoyoma.

"Kumbe yale majivu," akaanza, asimalize. Kisha, kwa sauti nyingine, ile ya mtu anayeinuka kitini, "Na huyu wa kaka yako? Ana mwaka mmoja na nusu. Anakunywa maji gani?"

Kadi ikaisha.

Nilirudi nyumbani Desemba mwaka 2006. Chini ya mfereji wa mabati, kwenye pembe ya jikoni, palikuwa na pipa la kukinga maji ya mvua, limefunikwa kwa bati na kuwekewa jiwe juu. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba, hivyo hayakusanyi floraidi kama ya kisimani. Kando yake palining'inia kikombe kimoja cha bati ambacho hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kukigusa. Mama alinieleza masharti ya pipa lile kwa ukali, kana kwamba ni mimi niliyekuwa na nia ya kuyaiba. Baadaye alipata pia ndoo ya kuchujia yenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ufundi uliosambazwa Nakuru na Dayosisi ya Kanisa Katoliki, kwani mfupa uliochomwa hufyonza floraidi ambayo vinginevyo ingeingia katika mifupa na meno ya watu. Aliitumia kiangazi, pipa lilipokauka. Juu ya majivu hatukuzungumza. Jioni ya kwanza alinipikia viazi, akanitazama nikila, nikacheka kwa jambo alilolisema, akaendelea kunitazama.

Mwaka 2010 nilikuwa nyumbani tena. Mtoto wa kaka yangu, wakati huo akiwa wa miaka saba, alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele ya utotoni, na moja la utu uzima lilikuwa limetokeza lote. Mama alimwita mlangoni penye mwanga, akamwambia aachame, akanipa tochi nishike. Ncha ya jino lile ilikuwa na mstari mwembamba wa hudhurungi, kama uzi. Juu ya mstari huo, kuelekea ufizini, jino lilikuwa jeupe.

Mama akalitazama kwa muda. Akanyoosha kidole, akakiweka pale uzi ulipokoma.

"Hapa," akasema, "ndipo nilipoweka pipa."